Fungu la Vijiti Kumi
Wape watoto wa darasa la pili hesabu ya 42 kutoa 17, na baadhi watakuandikia 35. Si uvivu. Mtoto ameona 2 haitoshi kutolewa 7, akageuza: 7 kutoa 2 ni 5, kisha 4 kutoa 1 ni 3. Kosa hilo lina akili ndani yake, na mwalimu anayelichora mkasi bila kuuliza "umefanyaje?" hamsaidii. Mtoto hajaelewa tu kwamba ile 4 ni makumi manne. Mwekee mezani mafungu manne ya vijiti kumi kumi, na vijiti viwili pembeni. Fungua fungu moja: sasa viko 12, toa 7, vimebaki 5, mafungu matatu toa moja, yamebaki mawili. Ni 25, na ameiona kwa macho yake. Mwaka 2015 Tanzania ilianzisha mtaala wa KKK kwa madarasa ya mwanzo, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, lakini nyumbani bado tunamsifu anayejibu haraka kuliko anayeeleza alivyopata jibu. Nawasihi wazazi: msiwakataze watoto kuhesabia vidole, navyo ni vijiti vyao. Wataviacha wenyewe.