Jipu Lisidharauliwe

Ni nadra kupata nyumba ambayo haijawahi kuuguza jipu. Huanza likiwa kipele, likavimba, likapiga moto, na mwisho likatunga usaha. Kwa kuwa tumelizoea, wengi wetu hulihesabu kuwa maradhi madogo. Lakini mdudu aletaye jipu ndiye huyo huyo ambaye, akipata njia ya kuingia katika damu, huweza kumtoa mtu roho. Wiki hii, basi, na tumtazame kwa karibu.

Jina lake ni stafilokoka. Daktari wa Scotland, Alexander Ogston, ndiye aliyemtambua ndani ya usaha wa majipu mwaka 1880, na baadaye akampa jina hilo kutokana na neno la Kiyunani lenye maana ya kichala cha zabibu, kwani akitazamwa kwa darubini ndivyo aonekanavyo. Takriban watu 3 katika kila 10 humbeba puani bila kuumwa na lolote. Huyu si mgeni atokaye mbali. Ni jirani angojaye mlango ufunguliwe, na mlango wenyewe ni mkwaruzo, mkato wa wembe, au kipele cha mbu kilichokunwa kwa kucha.

Dini yetu imetufunza kuosha mikono na kupandisha maji puani wakati wa kutawadha, na kupunguza kucha. Tushikamane na mafunzo hayo, tukijua kwamba udhu hauchukui nafasi ya sabuni. Amuuguzaye mwenye jipu na aoshe mikono kwa sabuni kabla na baada ya kumhudumia. Taulo, leso na wembe visishirikiwe.

Jipu lisikamuliwe, kwani kulikamua huweza kuusukuma usaha ndani zaidi. Likandwe kwa kitambaa safi kilichochovywa katika maji ya moto yasiyounguza, kisha lifunikwe. Likitokea usoni, likifuatwa na homa, wekundu ukizidi kuenea, au mgonjwa akiwa ni mtoto mchanga au mtu wa kisukari, tusingoje: apelekwe hospitali.

Mama anyonyeshaye naye, ziwa lake likivimba likawa jekundu na kuuma pamoja na homa, mara nyingi sababu ni mdudu huyu. Asimwachishe mtoto ziwa. Aendelee kunyonyesha na amwone daktari upesi, kwani maziwa yakikaa bila kutoka, uvimbe huzidi na huweza kugeuka jipu.

Jikoni pia tujihadhari. Mwenye jipu au kidonda chenye usaha mkononi asipike chakula cha arusi wala cha hitima. Mdudu akiingia katika chakula kisha chakula kikaachwa nje kwa saa nyingi, hutoa sumu. Na sumu hiyo, tofauti na mdudu mwenyewe, haiondoki kwa kupashwa moto. Walaji huanza kutapika saa chache tu baadaye.

Limebaki suala la dawa. Penisilini iligunduliwa na Alexander Fleming mwaka 1928, katika kisahani alichokuwa akioteshea mdudu huyu huyu. Hazikupita nyaka nyingi ila mdudu akajifunza kuishinda. Ikatolewa methisilini mwaka 1959. Kufikia 1961 huko Uingereza walikwisha onekana wasioidhurika nayo. Kila tununuapo vidonge viwili vitatu dukani bila ya kupimwa, au tukaikatiza dozi kwa kuwa maumivu yamepungua, au tukampa jirani masalio ya dawa zetu, twamfunza mdudu somo hilo hilo. Na siku mtoto wetu atakapoihitaji dawa ile kwa maradhi ya damu au ya mfupa, huenda isimfae kitu.

Basi dawa ipimwe na mjuzi, imezwe kama alivyoagiza, na jipu liheshimiwe lingali dogo. Mwenyezi Mungu azilinde nyumba zetu.