Laptopu ya Watu Wanne: Kwa Nini Tulikataa Skrini Kubwa

Kila mwaka ukifika Novemba, swali ni lile lile: nina elfu thelathini na kitu, nataka laptopu ya kusafiri nayo Disemba na tuwe tunaangalia muvi pamoja nikifika nyumbani, ninunue gani? Na kabla hujajibu, anayeuliza tayari amejijibu. Anataka kubwa. Inchi 15.6 kwenda juu, ikiwezekana 17, ili watu wote waone.

Sisi tunasema usinunue kubwa. Na hatusemi hivi kwa kusoma tu, tumesema baada ya kuchanga pesa zetu wenyewe na kupoteza kiasi njiani.

Sisi ni wanne. Tulijuana chuoni, sasa tunakaa nyumba moja Kahawa Wendani, na kila Disemba tunapanda basi la usiku kwenda Kakamega kwa nyanya ya mmoja wetu, kisha tunatawanyika kila mtu kwao. Wawili kati yetu tunafanya kazi hapa hapa kwenye huduma hii ya malipo. Ndiyo, sisi ndio huandika zile jumbe za kukukumbusha usimpe mtu PIN yako. Weka hilo akilini, tutalirudia na kwa aibu.

Mwaka jana tuliamua kununua laptopu moja ya pamoja. Kila mmoja 9,000, jumla 36,000. Wazo la kwanza lilikuwa mashine ya gemu, inchi 17, yenye taa nyekundu chini ya vitufe. Mmoja wetu aliibeba ya rafiki yake wikendi moja kama majaribio. Mashine yenyewe karibu kilo 3, na chaja yake inakaa kama tofali. Alishuka matatu akiwa amehamisha begi bega hili hadi lile mara sita. Betri ilizima kabla muvi kuisha. Hapo ndipo tulianza kujiuliza swali ambalo tungefaa kuanza nalo: hiyo skrini kubwa tunaihitaji wapi hasa?

Fikiria safari yako. Kwenye basi mnaoangalia pamoja ni wawili, waliokaa kiti kimoja. Wa nyuma hawaoni hata ungebeba skrini ya inchi 20, na dereva hatakubali uweke sauti. Ukifika nyumbani, kuna televisheni. Si lazima iwe ya maana, hata ile ya inchi 32 iliyofunikwa kitambaa cha kufuma. Ikiwa imetengenezwa miaka kumi na kitu iliyopita, uwezekano mkubwa ina tundu la HDMI nyuma. Kwa hivyo skrini ya familia tayari iko mbele yako inakungoja. Unachobeba ni kitu cha kuilisha. Kwa maoni yetu tundu la HDMI lina thamani kuliko inchi tatu za ziada, na waya wake ni vitu vya shilingi mia kadhaa. Nunua wa mita 3 au hata 5. Wa mita moja na nusu utakulazimisha kukaa sakafuni chini ya televisheni kama fundi.

Laptopu nyembamba za siku hizi nyingi zimeondoa hilo tundu na kubakisha USB-C pekee. Hapo utahitaji adapta, na adapta ndiyo kitu cha kwanza kusahauliwa mezani Nairobi.

Sasa, mpya au ex-UK? Kwa bajeti ya chini ya elfu arobaini tunasimama na ex-UK bila kusita. Laptopu mpya ya bei hiyo mara nyingi ina prosesa dhaifu, RAM ya GB 4 iliyochomelewa kwenye bodi, na skrini inayobadilika rangi ukiinama kidogo. Kwa pesa hizo hizo unapata mashine iliyokuwa ya ofisi: HP EliteBook, Lenovo ThinkPad, Dell Latitude. Hizi zilijengwa kubebwa na kufanyiwa kazi siku nzima. Zina inchi 14, uzito wa kilo moja na nusu hivi, na nyingi unaweza kuongeza RAM baadaye.

Lakini ex-UK ina mitego yake, na mtego mkubwa kwa sasa ni kizazi cha prosesa. Microsoft iliacha kuhudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 kwa upande wa Intel inakubali rasmi kizazi cha nane kwenda juu. Kampuni za huko nje zinaziondoa mashine zao za zamani, na nyingine huishia kwenye rafu za Moi Avenue na Luthuli zikiwa zimepigwa polishi. Angalia namba. Ukiona i5-6300U, hiyo 6 ya kwanza ndiyo kizazi: cha sita. i5-7300U ni cha saba. i5-8350U ni cha nane, hiyo ndiyo unataka. Muuzaji atakuonyesha ya kizazi cha sita ikiwa na Windows 11 na kukuambia si hii hapa inafanya kazi? Inafanya, kwa sababu kuna njia ya kuilazimisha, lakini Microsoft haikuahidi kuipa masasisho ya usalama. Wewe unayeingiza akaunti zako za pesa kwenye mashine hiyo, hilo linakuhusu. EliteBook 840 G3 na 840 G5 zikiwa zimewekwa pamoja dukani zinafanana kwa mbali. Ya kwanza ni kizazi cha sita, ya pili mara nyingi utaipata ya cha nane. Tofauti ya bei inaweza kukushawishi. Usishawishike.

Halafu skrini. Watu huiangalia wakiwa wamekaa mbele yake, ilhali mnaoangalia pamoja hamkai mbele wote. Fungua video, ongeza mwangaza hadi mwisho, kisha simama kando. Zipo skrini za aina ya TN ambazo ukizitazama kwa pembeni nyuso za watu zinakuwa kama negativu ya picha. Unataka IPS. Tena baadhi ya EliteBook zilitoka na skrini ya faragha inayoitwa Sure View, ambayo ukibonyeza kitufe aliye kando haoni kitu. Ilikuwa nzuri kwa meneja aliyesoma barua zake kwenye treni huko London. Kwenu ninyi wawili kwenye basi ni ugomvi.

Betri ndiyo tulikaa nayo dukani muda mrefu zaidi hadi muuzaji akaanza kupumua kwa nguvu. Usiulize inakaa na chaji masaa mangapi, kwa sababu jibu ni manne hadi sita, siku zote, kwa kila mashine. Fungua dirisha la amri la Windows, andika powercfg /batteryreport, bonyeza enta. Itakutengenezea ukurasa na kukwambia umehifadhiwa wapi. Ndani tafuta namba mbili: uwezo ambao betri ilitoka nao kiwandani na uwezo iliyo nao leo ikijaa. Mashine ya kwanza tuliyopewa ilitoka na 50,000 hivi, leo inajaa 27,000. Yaani nusu na kidogo.

"Madam, hiyo ni grade A," muuzaji alimwambia mmoja wetu.

"Boss, grade A ya nje. Ndani je?"

Alicheka, akaenda nyuma ya pazia, akarudi na nyingine iliyokuwa inajaa 43,000. Hatukuongeza hata shilingi. Dakika tano za kuandika maneno mawili.

Hapa inabidi tukiri. Wiki mbili kabla ya siku hiyo, mmoja wetu, na ni mmoja wa wale wawili tunaofanya kazi hapa, aliona tangazo mtandaoni. Mashine ile ile, bei 28,000. Muuzaji alikuwa mpole, alituma picha na hata video. Akasema kuna mteja mwingine anakuja saa nane, kwa hivyo tuma 5,000 nikushikilie. Alituma. Kwa namba ya mtu binafsi. Jina lililotokea kabla ya kuthibitisha halikufanana na jina la tangazo, na aliliona, na akajiambia labda ni simu ya mke wake. Saa nane ilipofika simu ilikuwa imezimwa.

Alikaa siku tatu bila kutuambia. Zilikuwa pesa zetu, si zake peke yake, ndiyo maana. Alipanga kuzilipa kimya kimya mwisho wa mwezi tusijue. Tulijua kwa sababu aliacha kula mchana kazini, na huyo si mtu wa kuacha kula mchana.

Tumefikiria sana kwa nini mtu anayewafundisha wateja jambo hili kila wiki aliingia. Hakukosa maarifa. Aliharakishwa. Saa nane ya mteja mwingine ndiyo ilimmaliza. Aliripoti, lakini pesa zilikuwa zimetolewa dakika chache baada ya kufika, na kurudisha muamala kunategemea pesa kuwepo bado upande wa pili. Kwa hivyo msimamo wetu kuhusu pesa ya kushikilia mzigo ni mfupi: usitume. Mashine ikienda, iende. Nairobi haijawahi kuishiwa EliteBook.

Ukifika dukani, lipa kwa till ya duka, na usome jina linalotokea kabla hujathibitisha malipo. Likiwa jina la mtu badala ya duka, uliza. Ukiambiwa "tuma kwa hii namba yangu, till ina shida", rudisha simu mfukoni hadi shida iishe. Ujumbe wa muamala unathibitisha ulilipa, lakini hauonyeshi ulinunua nini, kwa hivyo dai risiti yenye modeli, namba ya serial ya mashine na muda wa waranti. Wengi hutoa miezi sita kwa ex-UK, wengine mitatu, na mara nyingi betri na chaja hazimo. Uliza hilo kabla, si baada. Maandishi ya "goods once sold" kwenye risiti pia yasikutishe sana. Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya 2012 inamtaka muuzaji akuuzie kitu chenye ubora unaofaa, na haifutwi na mhuri wa mpira.

Kuhusu lipa mdogo mdogo hatukubaliani sote wanne. Watatu tunaona ni sawa kwa mtu anayehitaji mashine kufanyia kazi na kuingiza pesa. Mmoja anaona ni kujitia kitanzi kwa sababu ya muvi. Tunachokubaliana ni kwamba mkichanga wengi, deni lisiwe kwa jina la mmoja. Akikosa mmoja kuchanga, simu inayopigwa si ya wanne.

Na mkichanga, andikeni. Hata kwenye WhatsApp. Sisi tuliandika mistari minne: nani amelipa ngapi, inakaa kwa nani, ikivunjika nani analipa (aliyekuwa nayo), na anayehama ananunuliwa kwa kiasi gani. Huo wa mwisho ulionekana wa kuchekesha wakati huo. Tulikubaliana sehemu ya mtu inapungua 250 kila mwezi. Mwezi wa nne mmoja wetu alipata kazi Eldoret. Tulihesabu, tukamtumia 8,000, akashukuru, ikaisha. Tunajua watu waliokosana kwa sababu ya meko ya gesi.

Jambo dogo la mwisho kabla ya safari: pakua vitu mapema, na usidhani kila programu itakuruhusu. Programu ya Netflix ya Windows iliacha kupakua mwaka 2024, wakati ya simu bado inapakua. Tuligundua tukiwa kituoni, begi zimeshapakiwa. Pia nunua kigawanyi cha sauti, kile cha tundu moja la kuingiza na mawili ya kutoka, ili wawili msikie pamoja kwa earphone za waya. Bluetooth ni nzuri hadi mnapokuwa wawili.

Disemba hiyo tundu la kuchajia kwenye kiti chetu lilikuwa limekufa. Mashine ilicheza muvi mbili na nusu kabla ya Nakuru kuwa mbali nyuma yetu na kila mtu kulala. Kakamega tulichomeka waya wa mita 5 kwenye televisheni ya nyanya. Sauti ilikataa kwanza, ikabidi kuihamishia upande wa televisheni kwenye mipangilio, na nyanya akawa anauliza kama tumeharibu. Tulikuwa tisa sebuleni, na wawili mlangoni. Laptopu yenyewe ilikuwa imefungwa nusu juu ya stuli, hakuna aliyeiangalia.

Aliyepoteza 5,000 ndiye alikuwa amekaa karibu na rimoti. Tulikuwa tumeongeza 1,250 kila mmoja kuziba pengo, yeye akiwemo, na tulikuwa tumekataa azilipe zote. Bado hajaacha kutuomba.