Taarab ya Tanga: Nani Mlinzi wa Sauti Zetu?

Wako wenzetu ambao, kila itajwapo taarab, huelekeza nyuso zao Unguja na kuipa Tanga kisogo. Kwao taarab ni udi, kanuni na fidla za vikundi vya Unguja, kama Akhwani Safaa kilichoasisiwa mwaka 1905. Kilichozaliwa kwingineko hukiita mchezo wa mitaani. Hatuna ugomvi na Unguja. Ugomvi wetu ni na kasumba hii, kwani imetufanya tuidharau hazina ambayo leo tunaitafuta ikiwa imekwisha kutawanyika.

Tanga ya miaka ya 1960 ilikuwa mji wa bandari, reli na mkonge. Watu wa makabila mengi walikutana humo, na madansi ya Atomic Jazz na Jamhuri Jazz yalikuwa yakivuma. Katika mazingira hayo Black Star Musical Club, na baadaye Lucky Star kilichochipuka humo humo, vilithubutu kutenda jambo lisilowapendeza wahafidhina: viliingiza gitaa la umeme na besi, vikatumia wapigaji wachache, vikauchangamsha mdundo. Miongoni mwa waliosimama mbele ya wapigaji hao ni Shakila binti Saidi, mzaliwa wa Pangani. Macho Yanacheka na Kifo cha Mahaba zilimjengea jina. Na katika Viva Frelimo sauti ile ile ya mahaba iliimba ukombozi wa Msumbiji. Mtindo huo wa Tanga ulienea Mombasa na ukafika hadi Burundi. Nani basi atathubutu kusema kwamba huo si utamaduni wa taifa?

Huko Marekani, katika miaka ya 1970, Waylon Jennings na Willie Nelson, waimbaji wa muziki wa kantri, walikataa kuchaguliwa wapigaji na mtindo na wakubwa wa Nashville. Wakaitwa maharamia. Mwaka 1976 jina hilo liliwekwa juu ya albamu, Wanted! The Outlaws, nayo ikauzwa kwa zaidi ya nakala milioni moja. Uasi wao ulitokana na swali moja: ni nani mwenye amri juu ya wimbo uliorekodiwa? Waasi wetu wa Tanga walibadili muziki wa pwani nzima, lakini swali hilo hatukuwasaidia hata kuliuliza.

Tukumbuke hali ilivyokuwa. Katika miaka hiyo Tanzania haikuwa na kiwanda cha santuri. Wimbo ulirekodiwa Redio Tanzania ukabaki kwenye utepe. Au ulivuka mpaka, ukawa santuri mikononi mwa wafanyabiashara wa Mombasa na Nairobi. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika na mpaka ukafungwa hadi mwaka 1983. Kisha zikaja kaseti, na kila mwenye mashine akawa mchapishaji. Mwaka 1989 kampuni ya GlobeStyle ya London ilizikusanya nyimbo za Black Star na Lucky Star katika albamu iitwayo Nyota. Mgeni aliona nyota. Sisi tulikuwa tumeinamisha vichwa.

Watatokea watakaowalaumu wafanyabiashara hao. Sisi hatuwalaumu: lau si wao, huenda nyimbo nyingi zingekwisha kupotea. Lawama ni yetu, sisi tuliohubiri utamaduni majukwaani tangu ilipoundwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana mwaka 1962, tukasahau kwamba utamaduni huishi katika koo za watu wanaokula, wanaozeeka na wanaokufa. Shakila alifariki dunia mwaka 2016. Rambirambi zilikuwa nyingi. Lakini rambirambi si hifadhi, wala si malipo.

Hatuna budi kutenda. Kila utepe na kila santuri ya Tanga iorodheshwe, inakiliwe, na nakala iwekwe Tanga kwenyewe, mahali ambapo mwanafunzi wa Pangani au Muheza ataweza kuisikiliza. Majina ya watunzi, waimbaji na wapigaji yaandikwe, na haki zao zilipwe kwao au kwa warithi wao, kama inavyotaka sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999. Wahenga walikwisha kutuonya: mali bila daftari huisha bila habari.