Mlango Unaokwama Masika: Tuache Kumlaumu Fundi, Tuangalie Mbao

Anayetaka kujua sisi Wapwani tunaishi vipi siku hizi asihesabu nyumba mpya. Atazame za zamani zinazoongezwa. Majengo, Kisauni, Likoni, Malindi, hadi Langoni kule Lamu, kila penye familia kubwa utaona ngazi mpya inapanda. Ardhi imekuwa ghali, vijana wanaoa, na kiwanja ni kilekile alichoacha babu. Kwa hivyo watu wanapandisha chumba juu kwa ajili ya bwana harusi, wanasogeza jiko nyuma, wanaziba baraza liwe duka. Kila nyongeza inataka milango, madirisha, ngazi na makabati, na vipimo vyake ni vya nyumba hiyo peke yake. Duka la hadiwea haliwezi kukupa. Lazima umwite seremala.

Ugomvi nao huanzia hapo. Mlango umelipiwa, umepigwa vanishi, umependeza. Kaskazi yote unafunguka kwa kidole. Mvua za Aprili zikianza, unakwama. Mwenye nyumba anaita fundi mwingine aupige randa. Ikirudi kaskazi, mlango uliochongwa unabaki na uwazi wa kupitisha mjusi. Malalamiko haya nayasikia barazani kila mwaka. Mwenye nyumba anasema mafundi wa leo ni wezi. Fundi anasema watu wa leo wanataka mvule kwa bei ya saipras. Wa tatu anasikiliza wawili hawa, kisha anakwenda kununua mlango wa kiwandani.

Mimi naona sote tunamtafuta mkosaji mahali asipokuwepo. Mikono ya mafundi wetu bado ipo. Kinachokosekana Pwani ni mbao kavu, na kuna sababu za pesa na za siasa kwa nini hazipo.

Tuanze na ubao wenyewe. Mti uliokatwa karibuni umejaa maji. Yakipungua, ubao unasinyaa, na unasinyaa kwa upana wake. Kwa urefu haubadiliki sana. Ubao mbichi wa upana wa sentimita 30 unaweza kupoteza karibu sentimita nzima hadi ukauke, kutegemea aina ya mti. Na hata ukishakauka, hautulii kabisa. Hewa ya bahari ikiwa nzito unavimba kidogo, upepo mkavu ukija unarudi. Hakuna vanishi wala gundi inayozuia hilo. Ubao uliokauka vizuri husogea kwa kiasi ambacho fundi mzuri anaweza kukipangia. Ubao mbichi husogea zaidi ya mpango wowote, na mara nyingi hupinda na kupasuka pia.

Wazee walilijua hilo bila mashine ya kupimia unyevu. Tazama mlango wa kale wa Lamu au wa Mji wa Kale wa Mombasa. Watu husifu nakshi, lakini akili yake iko kwenye umbo. Mlango una mbao mbili badala ya moja, kwa hivyo kila upande ni mwembamba na uvimbe wake ni mdogo. Katikati kuna mfaa, uliofungwa kwenye upande mmoja, unaofunika ule mwanya wa kati. Mwanya ukipanuka au ukibana, aliye nje haoni kitu. Mlango haukuning'inia kwa bawaba. Ulizunguka kwa ncha zilizoingia kwenye matundu ya kizingiti cha chini na cha juu. Kwa hivyo mlango wa zamani uliachiwa nafasi ya kupumua, na ndiyo maana mingine ingali inafunguka leo baada ya vizazi.

Sasa tazama tunachoagiza leo: mlango wa ubao mmoja, upana wa futi 3, uliobana kwenye fremu kila upande, kwa mbao zilizoshuka kwenye lori juma lililopita. Umbo halisamehe na mbao hazijakauka. Fundi hodari kiasi gani atauokoa?

Kwa nini fundi anunue mbao mbichi ilhali anajua? Jibu liko kwenye arubuni. Tuseme mlango mmoja na fremu yake ni shilingi 30,000. Mteja anatoa nusu, 15,000, na anataka kazi baada ya wiki mbili kwa sababu arusi iko karibu. Fundi hana akiba, na zile 15,000 zote zinakwenda dukani kununua mbao za mlango huohuo. Hawezi kununua za mwaka ujao. Kanuni ya kale ya maseremala duniani ni kwamba ubao wa unene wa inchi moja unahitaji mwaka mmoja kukauka kwa hewa. Kwetu kwenye joto huchukua muda mfupi zaidi, lakini bado ni miezi. Miezi ni mtaji uliolala, na mtu mwenye benchi moja na kodi ya karakana hana mtaji wa kulaza. Muuza mbao naye yumo kwenye mkondo huohuo. Faida yake iko kwenye kuzungusha mali, na ubao unaokaa ghalani miezi sita ni pesa isiyozunguka.

Juu ya hayo kuna siasa ya misitu. Februari 2018 serikali ilipiga marufuku ukataji miti katika misitu ya umma na ya jamii. Amri iliyotangazwa kuwa ya siku 90 ikaongezwa tena na tena. Julai 2023 Rais Ruto akatangaza kuiondoa, kisha haikupita muda mahakama ikasimamisha tangazo hilo kwa muda baada ya kesi kufunguliwa. Mimi si adui wa misitu. Pwani tunajua vizuri maana ya kupoteza mikoko na maana ya kuhifadhi Arabuko-Sokoke. Lakini soko lisilojua kama kesho kutakuwa na mbao haliweki akiba, huuza kinachopatikana siku hiyohiyo. Mbao laini zetu za saipras na paina hutoka bara, na mbao ngumu nyingi husafiri kutoka Kongo kupitia Uganda. Sisi tuko mwisho wa foleni, na mwisho wa foleni hufika mbao chache, ghali na zenye maji.

Jibu la Jumuiya ya Afrika Mashariki limekuwa ushuru. Tangu Julai 2022 kiwango cha juu cha ushuru wa pamoja ni asilimia 35, na samani zimo kwenye kundi hilo. Nia ni kumlinda fundi wa hapa, na nia hiyo siipingi. Lakini ushuru haukaushi ubao. Ukimfungia mteja mlango wa nje kisha ukamwachia mlango unaokwama, umemwudhi mara mbili.

Na mlango wa kiwandani nao si dawa ya nyumba zetu. Kuta za matumbawe za mji wa kale ni nene, na matundu ya milango yake hayako sawa juu na chini. Mlango wa kiwandani ulio wazi ndani una ukingo mwembamba tu wa mbao pembezoni. Ukiukata sana ili uingie kwenye tundu la nyumba ya zamani, umeondoa ule ukingo unaoshika bawaba na kitasa. Yale maunga ya mbao yaliyobanwa kwa gundi nayo yakipata maji ya choo au mvua ya pembeni hufura na hayarudi. Nyongeza kwenye nyumba ya kale zinahitaji kazi ya kupimiwa, na Lamu, ambayo iko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu 2001, haiwezi kubaki Lamu ikiwa milango yake itatoka kwenye kontena.

Kuna fursa moja inayozungumzwa sana, mpango wa nyumba za bei nafuu. Serikali imeahidi kuwa milango na madirisha ya miradi hiyo yatengenezwe na mafundi wa jua kali, na wafanyakazi wanakatwa asilimia 1.5 ya mshahara kwa ajili ya mpango huo chini ya sheria ya 2024. Ni ahadi nzuri. Ila mamia ya milango ya kipimo kimoja yanahitaji mbao nyingi kavu kwa wakati mmoja. Asiyekuwa nazo atabaki kuwa kibarua wa mwenye nazo. Hapo tena tunarudi kwenye ghala.

Kwa hivyo hoja yangu ni hii. Kaunti zetu zianzishe maghala ya kukaushia mbao, na ziyaweke kwenye vyuo vya ufundi vya vijijini. Katiba ya 2010 iliweka vyuo hivyo chini ya kaunti, kwa hivyo hakuna haja ya kungoja Nairobi. Kukausha mbao si elimu ya roketi. Unahitaji paa, sakafu iliyoinuka, vijiti vya kutenganisha mbao ili hewa ipite, rangi ya kuziba ncha zisipasuke, na mtu wa kuandika tarehe. Anayetaka haraka atajenga chumba cha kukaushia kwa jua, chenye paa la plastiki angavu na feni, kinachopunguza miezi kuwa majuma. Wanafunzi watajifunza kazi ambayo sasa hawafundishwi na mtu. Fundi atanunua ubao kavu, hata mmoja mmoja, wenye mhuri wa kiwango cha unyevu.

Ghala hilo lisiishie kwenye mbao za Kongo. Mashamba ya Kilifi na Kwale yana mvinje, mwarobaini, minazi iliyozeeka na miembe isiyozaa tena. Mingi huishia kuwa kuni na mkaa. Mti wa shambani wenye soko la mbao humpa mkulima sababu ya kupanda mwingine.

Najua pingamizi. Mtaniambia miradi ya kaunti hufunguliwa kwa utepe na kufungwa kwa kufuli. Ni kweli, na ndiyo maana ningependa kaunti itoe eneo na jengo, lakini mbao zimilikiwe na chama cha ushirika cha mafundi wenyewe. Mali ikiwa yao, hawataiacha iliwe na mchwa. Mtaniambia pia mbao kavu itakuwa ghali zaidi. Itakuwa. Lakini piga hesabu ya fundi wa kuchonga kila masika, kitasa kipya, na mlango mwingine baada ya miaka michache, kisha uniambie upi ndio wa bei rahisi.

Wakati tunangoja kaunti, mwenye nyumba ana njia ambayo haimgharimu ziada, na nashangaa haitumiki zaidi. Sisi hatujengi mara moja. Tunanunua mawe mwezi huu, simiti mwezi ujao, mabati tukipata. Nyongeza ya chumba kimoja inaweza kuchukua mwaka. Mlango ndio wa mwisho kuingia, basi kwa nini mbao zake ziwe za mwisho kununuliwa? Nenda na fundi wako sokoni siku unayoanza msingi. Chagueni mbao pamoja, azipange kwako kivulini kwa vijiti, mbali na ardhi na mvua. Kuta zikifika kwenye linta, mbao nazo zimekauka. Ukitaka kuhakikisha, pima ubao mmoja kwenye mizani kila wiki. Ukiona uzito umeacha kushuka, ubao umefika.

Na andikeni. Karatasi moja inatosha: aina ya mti, vipimo, nani aliyelipia mbao, na sehemu ndogo ya malipo itakayobaki hadi mvua za kwanza zipite. Fundi mwenye mbao kavu hataogopa sharti hilo, na mteja aliyelileta mwenyewe hatakuwa na sababu ya kumwita fundi mwizi.

Vijana wengi wanaiacha kazi hii, na siwalaumu. Nani atake kazi ambayo kila masika inamletea matusi kwa kosa la lori? Tukiwapa mbao nzuri, sifa itawarudia, na malipo yatafuata. Bajeti za kaunti huanza Julai, na vikao vya kukusanya maoni ya wananchi hufanyika kabla ya hapo. Mwakilishi wako wa wadi akija kukuuliza unataka nini, wengi watataja barabara na maji, na ni haki yao. Wewe muulize pia mbao za chuo chetu cha ufundi zinakauka wapi.