Barua Mkononi mwa Mfalme

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi kidogo niwaeleze wanachama habari ya picha moja ambayo yafaa kila karani aifikiri.

Katika nyumba ya picha iitwayo National Gallery, London, imo picha ya rangi ya mafuta ya Philip wa Nne, Mfalme wa Hispania, iliyochorwa na Diego Velázquez yapata mwaka 1631. Mfalme amesimama katika mavazi ya hudhurungi yaliyotariziwa fedha, na mkononi ameshika karatasi. Juu yake limeandikwa jina la mchoraji, kwa namna ya barua ya mtumishi amwombaye bwana wake.

Velázquez alikuwa mtumishi kama sisi. Aliingia katika kazi ya Mfalme mwaka 1623, na mwaka 1652 akapewa cheo cha kusimamia vyumba na safari za Mfalme. Mfalme alimpenda sana, hata mwaka 1659 akatiwa katika daraja ya mashujaa wa Santiago. Mwaka 1660 alitengeneza mambo ya arusi ya binti Mfalme mpakani mwa Ufaransa. Aliporudi Madrid akaugua, akafa tarehe 6 Agosti. Mkewe Juana akamfuata baada ya siku nane. Hesabu baina yake na Hazina zilikuwa zimetatana, wala hazikumalizika hata mwaka 1666, na Mfalme mwenyewe amekwisha kufa.

Basi, ndugu zangu, ikiwa kipenzi cha Mfalme yalimpata hayo, sisi tutegemee nini? Mapenzi ya mkubwa hayaandikwi daftarini, na mkubwa naye hupita.

Rai yangu ni hii. Kila mwanachama aweke nyumbani nakala za barua zake za kazi na za nyongeza ya mshahara, pamoja na stakabadhi za kila fedha ya Serikali iliyopita mikononi mwake. Na mkewe au mwanawe apajue mahali zilipo. Chama nacho kichague mtu wa kuwasaidia wajane na mayatima kudai haki zao.

Wako watakaosema kwamba huku ni kujitabiria mauti. Mauti hayangoji kutabiriwa. Lakini mjane asiye na karatasi hungoja sana.

Ni mimi,
Mwanachama Mwenzenu