Marekani: ukisaini karatasi ya dukani, jina la mwizi linakufuata

Leo nagusa ishu ya Marekani, maana ndugu zetu wengi wakitua kule kibarua cha kwanza ni dukani: ukeshia, kupanga bidhaa, stoo.

Kule unaweza kuitwa mwizi bila kuona polisi wala hakimu. Mwaka 2013 gazeti la New York Times lilianika kumbukumbu za wizi wa wafanyakazi wa maduka, mojawapo ikiitwa Esteem. Walinzi wanakuita chumba cha nyuma, wanakubana maswali, mwisho unasaini maelezo. Jina linaingia. Ukiomba kazi duka lingine wanachungulia humo, imekula kwako! Baadhi ya wafanyakazi walisema hawakujua kama wanakiri wizi.

Kujinasua kupo. Sheria yao ya mwaka 1970, Fair Credit Reporting Act, inasema hivi: mwajiri akitaka kukunyima kazi kwa sababu ya ripoti, kwanza akupe nakala. Ukishanyimwa, una siku 60 za kudai faili lako bure kwa kampuni iliyotoa ripoti. Ukiona uongo, andika barua ya kupinga, weka vielelezo, bakiza nakala. Kwa kawaida wana siku 30 za kuchunguza. Wasipoweza kuthibitisha, wafute. Wakigoma, unaweza kuweka maelezo yako mafupi humo, au uende mahakamani.

Na sheria ina meno. Mwaka 2012 kampuni ya HireRight Solutions, inayochunguza waomba kazi, ilikubali kulipa dola milioni 2.6 baada ya serikali kuituhumu, pamoja na mengine, kupuuza malalamiko ya watu.

Sasa hoja yangu. Huo uchunguzi wenyewe ni upi? Kampuni inaliuliza duka lilelile lililokushtaki, nalo linatoa ile karatasi yenye saini yako. Mshtaki ndiye shahidi! Hapo barua yako itafua dafu kweli? Ndiyo maana nasema vita halisi iko kule chumba cha nyuma. Kama hukuiba, usisaini ili tu uwahi kwenda nyumbani. Heri ufukuzwe leo kuliko kubeba jina hilo kila unapoomba kazi.

Na sisi Bongo tusijisahau. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, inayokupa haki ya kudai taarifa zako za uongo zirekebishwe. Wangapi tunaijua?

Naomba kuwasilisha. Mlioko huko, yamewahi kuwakuta?