Saa ya kwanza: Rolex ya elfu thelathini au Casio?

Bumu limeingia, na kama kawa wiki ya bumu kila mtu ana mipango. Safari hii naona mipango imehamia mkononi. Ndani ya siku nne watu watatu wameniuliza swali lile lile: "Kaka, nataka saa ya kwanza, nina kama elfu hamsini, nichukue replika gani ambayo watu hawataishtukia?" Nimejibu mmoja mmoja mpaka nimechoka. Naandika hapa mara moja, atakayeuliza tena nitamwelekeza huku.

Kwanza tukubaliane, replika ni jina la heshima la feki. Muuzaji akikwambia "hii kopi namba moja, daraja la A," amekwambia ni feki iliyopigwa pasi. Na jibu langu ni fupi: kwa elfu hamsini, achana nayo. Wala sitoi mahubiri hapa, mimi natazama mashine tu.

Hebu fikiria ile elfu thelathini ya "Rolex" ya pale barabarani inakwenda wapi. Kuna rangi ya dhahabu, kuna kioo, kuna mkanda wa chuma unaong'aa, kuna taji dogo juu ya namba 12, wakati mwingine na kaboksi ka kijani. Na muuzaji ale, na aliyemuuzia naye ale. Kinachobaki kwa ajili ya mashine ya ndani ni chenji. Wakati saa ni mashine, mengine yote ni nguo.

Kinachoniuma ni kwamba usahihi wa saa ulishakuwa rahisi zamani sana. Seiko walitoa saa ya mkononi ya betri, ile Astron, Desemba 1969, na wakati huo bei yake ililingana na gari dogo. Leo teknolojia ile ile, kipande cha kristali kinachotetema mara 32,768 kwa sekunde, unaipata kwenye Casio ya plastiki, na inakosea sekunde 30 hivi kwa mwezi mzima. Yaani maskini na tajiri wanaweza kujua saa kwa usawa kabisa! Halafu mtu anaacha hiyo anakwenda kulipia taji.

Mshkaji wangu mmoja wa rumu (simtaji, anajijua) alinunua moja kwa ajili ya sendofu ya dada yake. Nikiri ilipendeza, kwenye picha huwezi kumwambia kitu. Tatizo akaingia nayo kwenye UE. Mnajua simu haziingii kwenye chumba cha mtihani, na ukutani pale saa ilikuwa imekufa. Jamaa anatazama mkono, anaona bado dakika arobaini, anaandika taratibu, anapamba swali la pili kama barua ya posa. Mara msimamizi anatangaza dakika kumi za mwisho. Saa ilikuwa imesimama, ikatembea, ikasimama tena, na yeye hana habari. Swali la nne hakuligusa. Lile swali lilikuwa na alama 20, na somo lenyewe ni lile linalojulikana kwa kugawa sapu kama njugu. Majibu hayajatoka mpaka leo, na yeye bado anaivaa, anasema ilikuwa betri tu. Sawa.

Halafu hiyo ya kutoshtukiwa, ndugu zangu, inawezekana kwa wasiojua saa tu, na hao hata Rolex ya kweli hawaitambui. Anayejua hahitaji hata kukushika mkono. Rolex za leo hazitumii betri kabisa. Mshale wake wa sekunde unateleza, unapiga hatua nane ndogo ndani ya sekunde moja. Feki nyingi za bei yetu ni za betri, mshale unaruka mara moja kila sekunde, tik... tik... tik. Nyingine zina vile visaa vitatu vidogo usoni, ukibonyeza kitufe hakuna kinachotokea, vimechorwa tu. Na hata ukipata inayoteleza, mwanafunzi anayegombania wali maharage kantini amevaa saa ambayo ya kweli inaanzia maelfu ya dola... nani unamdanganya? Rolex tunayoweza kumudu sisi ni ile ya Kampala, ya chapati na mayai. Teh teh teh.

Mabaki ya hoja: rangi ya dhahabu inabanduka kwa jasho la hapa Dar, na chuma cha bei rahisi mara nyingi kina nikeli, wengine kinawawasha mpaka ngozi inatoka vipele. Na sheria ipo pia, Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963, inayowabana waingizaji na wauzaji wa bidhaa feki, na Tume ya Ushindani huwa wanakamata mizigo na kuiteketeza. Kwa hiyo leo kibanda kipo, kesho ukienda kulalamika hakipo.

Sasa msinielewe vibaya. Kutaka kupendeza siyo kosa. Mtu anakwenda PT ofisini, anataka mkono uonekane wa mtu mzima, namwelewa. Ila tofautisha kuiga umbo na kuiba jina. Casio wana saa ya mishale, MDV-106, wengi wanaiita Duro. Ukiitazama umbo lake limefuata zile za wapiga mbizi za bei mbaya, lakini usoni imeandikwa Casio, na inahimili maji ya kiwango cha mita 200 kweli. Hiyo inapita bajeti yetu, lakini unaweza kuikusanyia kwa mabumu mawili. Hakuna wa kukuumbua.

Kwa elfu hamsini yenyewe mimi ningetafuta F-91W. Ipo tangu 1989, ina uzito wa gramu 21, betri yake inakaa miaka kama saba, yaani utamaliza digrii, utatafuta kazi, utaipata, bado inatembea. Kasoro yake taa, usiku ni kama kiberiti kilicholoa. Na hata hii ina feki! Bonyeza kitufe cha kulia bila kuachia kwa sekunde tatu hivi, ya kweli inaandika CASIo kwenye kioo. Siku hizi kuna feki zilizojifunza hata huo ujanja, kwa hiyo angalia pia maandishi yasiwe yamepinda, na nunua kwa mtu mwenye fremu na risiti.

Kama hutaki za namba, kuna za mishale za Casio za plastiki, nyepesi, mtihanini unasoma kwa jicho moja. Seiko 5 za mtumba ni tamu, hazina betri, zinajijaza kwa kutembea kwa mkono, lakini nyingi zinazouzwa rahisi uso umepakwa rangi upya. Ukiona saa ya zamani inang'aa kama sahani mpya, shtuka. Mpelekee fundi saa aifungue mfuniko wa nyuma kabla hujatoa hela. Hawa wazee wenye kijimeza na lenzi jichoni wanajua kuliko intaneti yote, na soda moja inatosha kumshukuru.

Halafu ukiona "30m" nyuma ya saa, siyo ruhusa ya kwenda nayo Coco Beach. Ni matone ya kunawa mikono, basi.

Kuna mdada kaniuliza ategeje Casio yake, kwa Kiswahili au kwa Kizungu. Bibi yangu yake ameitega kwa Kiswahili, saa moja asubuhi inasoma 1:00 na hataki ubishi. Mimi nimezoea kugeuza kichwani. Chagua mwenyewe, ila usibadilishe wiki ya UE.

Haya, nawahi semina ya saa nane. Hapa mkononi inasoma 13:52 na bado niko rumu.